Kwa Simba, Kwa Samaki, Kwa Pazia

Mimi sipendi kuitwa mwizi. Niite mkali, niite mdomo, hata mume wangu Murunga huniita redio isiyozimwa na mimi hucheka. Lakini mwizi, ng'o! Ndiyo maana siku Wekulo muuza makaa alipotua gunia lake pale Silanga, Kibera, akaniambia kwamba rafiki yangu Ndinda amesikia nimemwibia shamba, nilivua kandambili nikamrushia. Ilimpata begani.

"Mimi nimeleta tu habari, Mama Valentine," akasema akijipangusa. "Kama unataka kupiga mtu, si mimi."

"Nani amemwambia?"

"Watu."

"Watu gani? Watu wana majina!"

Hakuwa na majina. Alikuwa na habari tu, na habari yenyewe ilikuwa hivi: Ndinda yuko Kawangware, huko Kabiro, kwa binamu yake Makau. Ameanza kuosha vyombo kwenye moja ya zile hoteli za kigeni alizokuwa akizipelekea mboga. Ipi, Wekulo hajui. "Mchina, Mjapani, mimi nitajuaje? Nilienda kununua makaa." Na Jumamosi Makau anampandisha basi la Kitui, yeye na mtoto wake, kabisa, Nairobi basi. Wekulo alipomuuliza kama ana neno la kuniletea, alijibu: "Mwambie akule mboga yote ashibe."

Hapo nikakaa chini, kandambili moja mguuni, nyingine huko kwa makaa. Nikampigia Ndinda simu. Ikalia kidogo ikakatwa. Nikapiga tena, nikaambiwa mteja hapatikani.

Wacha nieleze, maana mtu akisikia nusu atanihukumu vile Ndinda alivyonihukumu.

Ndinda ni Mkamba wa Kitui. Mimi ni Mmaragoli. Tulikutana kwenye foleni ya maji watoto wetu wakiwa bado mgongoni, yeye na Ian wake, mimi na Valentine wangu, tukagombania mtungi, na tangu siku hiyo hatukuachana. Pale Silanga kando ya bwawa kuna vipande vya ardhi ambavyo mwenyewe ni yule anayelima. Ukiacha kulima, mwingine anaingia. Tukachukua kimoja, tukakigawa katikati kwa mstari wa mawe: matuta yake upande wa bwawa, yangu upande wa njia.

Sukuma wiki kila mtu analima. Ndinda, aliyewahi kufulia nguo familia moja ya Wachina huko Hurlingham, ndiye aliyesema tulime mboga za watu hao, kwa sababu hoteli zao zinazitafuta na wanaozilima ni wachache. Kazi tukagawana: mimi jembe na maji, yeye miguu. Alikuwa anajaza karai lake la bluu, anaweka kichwani, anapotelea huko kwa matajiri, na jioni anarudi na karai tupu na hadithi.

Na hadithi zenyewe! Mimi hoteli ya Mchina sikuwa nimewahi kukanyaga, lakini kwa mdomo wa Ndinda nilizijua. Kulikuwa na Kwa Simba, kwa ajili ya simba wawili wa mawe getini. Hiyo ilikuwa mbaya. Mpishi alibandua majani ya nje akayatupa miguuni pako, akachukua moyo wa mboga peke yake, kisha akakwambia njoo kesho. Kulikuwa na Kwa Samaki, wenye kioo kikubwa cha samaki wa rangi. Hiyo ilikuwa nzuri kidogo. Mama mwenye hoteli alikupa chai, lakini chai gani hiyo, haina maziwa, haina sukari, na ukiibakisha ananuna. Halafu kulikuwa na Kwa Pazia, ya Mjapani. Mlangoni palining'inia kitambaa kilichokatwa nusu, kwa hiyo hata mkubwa wa aina gani akiingia lazima ainame. Hiyo ndiyo ilikuwa nzuri kabisa.

"Hoteli nzuri," Ndinda alikuwa akiniambia, "ni ile mpishi wake ananusa mboga kabla hajauliza bei." Na Mzee wa Kwa Pazia alinusa mpaka mizizi. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa Ndinda mbegu za mwisho, za kwao Japani, na Ndinda akazipanda kwenye matuta yake yote kabla ya Krismasi.

Jambo moja zaidi, nalo ndilo kubwa. Mamangu huko nyumbani alinilea hivi: tuta linafunguliwa na mkono uliolipanda. Kata ya kwanza anakata mwenyewe, na fungu hilo la kwanza haliuzwi, anapewa yule aliyenyunyiza maji. Baada ya hapo tuta liko wazi, yeyote akate. Ndinda alinicheka nilipomwambia. Baadaye akazoea, na mwishowe akawa mkali juu ya hiyo desturi kunishinda mimi niliyezaliwa nayo.

Halafu ikaja kura, na baada ya kura yakaja yale mliyoyaona. Mwanzoni walifukuzwa wale wa kabila la rais, sisi tukasema hayatuhusu. Kisha huko juu viti vikagawanywa, mkubwa wa Wakamba akapewa kimoja, na asubuhi yake Wakamba wa Kibera nao wakawa maadui. Nilikuwa nimeenda kutafuta unga. Niliporudi nikakuta mlango wa Ndinda wazi, godoro halipo, Ian hayupo. Nililia kwa hasira. Hata neno moja, Mama Ian? Baadaye ndiyo nikaambiwa na jirani kwamba aliyemwamuru atoke alikuwa amesimama mlangoni na panga, na hakuwa mtu wa kungoja watu waagane.

Kesho yake vijana wakaja shambani na panga. Wengine nawajua tangu wakiwa na kamasi.

"Mathe, hii nusu ya Mkamba tunagawa," wakasema.

Nikaweka jembe begani. "Nusu gani? Shamba hii yote ni yangu. Huyo alikuwa kibarua wangu tu. Muulize mtu yeyote!"

Nilisema kwa sauti ya kanisani, nikaapa kwa jina la marehemu baba yangu, watu wote wa bwawani wakisikia, kwa sababu nilitaka wasikie. Vijana wakaangaliana, wakaenda. Mimi nikabaki pale nikimshukuru Mungu kwa uongo ule.

Ule uongo ndio uliotembea ukafika Kabiro. Sababu yake haikutembea nao.

Sasa sikiliza kilichofuata. Malori hayakuja. Sukuma zikapotea sokoni kabisa. Nikafungua matuta yangu, na watu wakanunua, wengine wakachukua bure, nami nitafanyaje, mtoto wa jirani analala na ugali mkavu? Mtaa mzima wa Gatwekera ukala mboga ya Mchina na ugali, na hakuna aliyelalamika. Matuta yangu yakaisha mpaka vijiti. Lakini ya Ndinda sikugusa. Nilinyunyiza maji kila jioni, nikang'oa magugu, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

"Mke wangu," Murunga akasema usiku mmoja akiangalia sahani yake yenye ugali na chumvi, "kuna mboga imejaa huko kama msitu."

"Haijafunguliwa."

"Nani atajua?"

"Mimi si mtu? Mimi nitajua!"

Akaendelea kula. Murunga ana kasoro zake lakini hajui kubishana na mimi hadi mwisho. Vijana nao wakauliza: kama ni yako mama, mbona hukati? Nikawaambia ni ya mbegu. Na kweli, kwa vile haikukatwa na jua la Februari linavyowaka, ikapanda juu, ikatoa vikonyo, ikatoa maua ya njano kuanzia bwawani mpaka kwenye mawe. Kwa mkulima wa mboga hiyo ni aibu. Ni kama kutoka nje na nguo ya kulalia. Wapita njia walikuwa wananicheka: "Mama Valentine, siku hizi unalima maua ya harusi?" Nikameza.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu Alhamisi ile Wekulo alipokuja na makaa na matusi. Nilitaka arudi amweleze Ndinda. Akakataa katakata, njia ya Kawangware ilikuwa imemtisha, alikuwa amesimamishwa na watu akatakiwa aseme jina la babu yake. Kwenda Kabiro mwenyewe Murunga hangeniruhusu. Ndugu yake alikatwa mkono huko mwezi wa kwanza. Na hata ningefika, ningeuliza nani, "Makau wa plot gani?" kwa lafudhi hii yangu?

Lakini zile hoteli haziko Kabiro wala Kibera. Ziko katikati, kwa matajiri, na huko hakuna kabila, kuna mbwa na masoja wa getini. Nikasema, nitaanza na Kwa Simba, nimalizie Kwa Pazia, na nisipompata basi aende zake Kitui akijua nilitafuta. Hapana, nadanganya. Sikuwaza hivyo kabisa. Nilikuwa nawaza jinsi ambavyo akipanda lile basi akiniamini mwizi, ataniamini mwizi mpaka siku anakufa, na atamwambia Ian, na Ian atamwambia mkewe. Hiyo ndiyo ilininyima usingizi.

Maneno sikuyaamini tena, maneno ndiyo yaliyoharibu. Ijumaa asubuhi nikaenda shambani na karai, nikaingia kwenye tuta lake la kwanza, nikang'oa mboga shina kwa shina, na mizizi yake na udongo wake. Sikukata hata jani. Kung'oa na udongo si kukata. Ni kuhamisha, hata mamangu angekubali. Nikazipanga zimesimama, maua juu, nikatengeneza ngata ya leso kichwani, nikabeba. Udongo wa Silanga ni mzito jamani! Nilipita Laini Saba shingo ikilia, nikatokea barabara ya Ngong, na watu wakaanza kunipisha wakidhani napeleka maua kaburini.

Sasa nikagundua shida. Ndinda alinipa majina yake yeye, si majina ya kwenye vibao. Nikasema si kitu, natafuta simba wawili wa mawe. Nikafika Hurlingham, nikaona simba. Nikafurahi. Nikageuka, ng'ambo ya pili nikaona simba wengine. Nikatembea kidogo, nikaona wengine tena, wadogo, mmoja amekatika sikio. Kumbe kila Mchina ana simba! Na samaki je? Kila dirisha lina samaki. Nilimlaani Ndinda kwa sauti, peke yangu, barabarani. Hoteli nyingine zilikuwa zimefunga, minyororo getini, wageni walishakimbia nchi. Zilizofunguka, masoja walinifukuza kabla sijafungua mdomo.

Soja mmoja hakunifukuza. Jina lake lilikuwa limeshonwa kifuani: Wakarima, jina la wale waliofukuzwa mwanzoni. Siku hizo tulikuwa tunasoma majina ya watu kabla ya kusoma nyuso zao.

"Unatoka wapi na hii kitu, mama?" akauliza.

Nikafikiria kudanganya. Nikachoka. "Silanga," nikasema.

Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Simba wake wawili wakatuangalia sisi sote.

"Mimi ni wa Kawangware," akasema. "Mamangu yuko kwa kambi ya kanisa huko Molo. Juzi amenipigia simu, unajua analia nini? Si nyumba. Analilia vitunguu vyake, vilikuwa vimebaki kidogo tu vivunwe." Akaangalia maua yangu tena. "Hii imepita, mama. Hakuna mtu atanunua."

"Siuzi. Namtafuta mwenyewe. Mama mmoja Mkamba, mwembamba, ana karai la bluu."

"Yule anaringa?"

"Huyo huyo!"

Wakarima akacheka. Akasema Ndinda alipita hapo akiomba kazi, mpishi akamfokea, naye Ndinda akamrudishia yake kwa Kikamba mpaka mpishi akafunga mlango. Nikajua hiyo ndiyo Kwa Simba. Hata sikuingia. Wakarima akanionyesha njia ya kwenda Valley Arcade, kwenye hoteli ya Wachina alikomwelekeza Ndinda. Kabla sijaondoka akanifunga ngata vizuri, taratibu, kama mtu aliyezoea kumfungia mamake, kisha akanisaidia kupandisha karai kichwani. Nikamwambia tu, "Mungu amtunze mama," akaitikia.

Huko Valley Arcade sikusumbuka tena na mbele. Nikazunguka nyuma, kwenye mapipa, kwa sababu hadithi zote za Ndinda zilianzia nyuma. Mlango ulikuwa wazi, mvuke unatoka. Mama mmoja wa Kichina, mfupi, aproni mpaka miguuni, akatoka akaona karai langu, akapiga kofi la mshangao. Akanyosha mkono avunje kikonyo kimoja.

Nikampiga mkono.

Haki ya Mungu sikukusudia. Mkono ulitangulia. Mama akaurudisha wake, akautazama, akanitazama, na mimi nikangoja polisi. Badala yake akacheka, akaingia ndani, akarudi na kikombe. Nikaonja. Haina maziwa, haina sukari. Jamani, chai chungu haijawahi kunifurahisha namna ile. Nilikuwa Kwa Samaki! Nikainywa yote asije akanuna, nikamwomba radhi, naye akanipigapiga begani.

Kijana aliyekuwa akikatakata kuku mlangoni ndiye aliyezungumza. "Mama wa karai la bluu? Alikuja. Madam alitaka kumchukua lakini hakuna wageni, hata sisi nusu tumeambiwa tukae nyumbani. Madam ndiye alimpeleka kwa Mjapani, huko juu Lavington. Alimshika mkono akampeleka mwenyewe."

Nikamwangalia yule mama mfupi. Ndinda alisema nzuri kidogo. Nikasema moyoni, Mama Ian, hapo umekosea, hii ni nzuri kabisa.

Kufika Kwa Pazia jua lilikuwa limenipiga na maua yameanza kuinamisha vichwa. Niliona kitambaa cha bluu kimekatwa nusu, kinapepea mlangoni. Nikataka kuingia hivyo hivyo, nikakumbuka nina karai kichwani na kuinama siwezi. Nikazunguka nyuma.

Alikuwa amechuchumaa kando ya bomba, mgongo kwangu, anasugua sufuria. Amekonda. Aproni ya plastiki imemzunguka mara mbili. Nilikuwa nimetengeneza hotuba nzima tangu Laini Saba, ina mwanzo, ina kati, ina machozi. Yote ikanitoroka.

"Mama Ian," nikasema.

Akageuka. Hakusimama. Povu lilikuwa mpaka kwenye viwiko.

"Umekuja kuniuzia mboga zangu?"

Hapo mdomo wangu ukarudi. "Kwani nimebeba mzani?"

"Ulisema nilikuwa kibarua wako."

"Nilisema."

"Mbele ya watu wote."

"Mbele ya panga! Ulitaka niseme nini? Niseme hii ni ya Ndinda, karibuni mgawane?"

"Ungenipigia simu uniambie."

"Simu ipi? Ile unayonikatia?"

Akainamisha uso, akarudi kusugua ile sufuria, na ilikuwa imeshang'aa. Akasema polepole, bila kuniangalia: "Nilitoka pale na godoro na mtoto. Kitu kimoja tu kilichokuwa kinanipa nguvu ni kwamba wewe umebaki. Halafu nasikia hivyo. Mideva, niliumia. Panga haikuniuma hivyo."

Hakuwa ameniita Mideva tangu lile gombano la mtungi. Machozi yakanitoka na sikuweza kuyafuta, mikono yangu miwili ilikuwa imeshika karai. Nikapiga magoti taratibu, nikalitua chini mbele yake.

"Angalia," nikamwambia. "Mimi sisemi kitu tena. Angalia."

Aliangalia maua kwanza, akakunja uso, kwa sababu mkulima haoni maua ya mboga akafurahi. Kisha akaona mizizi. Akaona udongo mweusi, ule wa upande wa bwawa, si wa kwangu wa upande wa njia ambao ni mwekundu. Akakausha mikono kwenye gauni. Akashika shina moja, akateremka nalo kwa vidole mpaka chini, akitafuta kovu la kisu. Majani ya chini yalikuwepo yote, yamezeeka, yamegeuka njano hapo hapo yalipoota. Akashika shina la pili. Akashika la tatu.

"Hukufungua," akasema.

"Ningefunguaje na mwenyewe hayupo?"

"Hata moja?"

"Muulize Murunga. Amekula ugali na chumvi mpaka ananichukia."

"Woi!" Ndinda akasema, akaweka mkono mdomoni. "Woi, Mama Valentine. Zimeharibika zote."

"Zote."

"Matuta yote?"

"Kutoka bwawani hadi kwenye mawe. Watu wananicheka. Wanauliza kama nalima maua ya harusi."

Sijui nani alianza, kulia au kucheka. Nafikiri yeye alianza kulia na mimi nikaanza kucheka, halafu tukabadilishana. Alinishika kwa ile mikono yake yenye povu, na harufu ya sabuni na mafuta ya samaki, tukakaa pale chini karibu na mtaro kama wendawazimu wawili.

Kelele ndiyo iliyomtoa Mzee. Alikuwa Mjapani mwembamba, mvi tupu, kitambaa cheupe kichwani, na kisu kirefu mkononi, maana tulimkatiza kazi. Akaona karai. Akachuchumaa pamoja nasi, magoti yake yakalia. Akaingiza pua kwenye maua, akafumba macho, akanusa. Akakaa hivyo mpaka nikaona haya, kama nimefungua mlango wa chumba cha mtu.

"Nyumbani," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "baridi ikiisha, kitu ya kwanza ni hii. Mama yangu anapika hii. Si majani. Hii, na ua yake, bado kidogo kufunguka." Akatuangalia kwa zamu. "Hapa Nairobi kila mwaka mimi nauliza. Watu wanasema, hakuna, ikitoa maua tunatupa."

"Tunatupa," Ndinda akakiri. "Tunapea mbuzi."

Mzee akatikisa kichwa kwa uchungu kama aliyesikia msiba. Akainua kisu, akashika kikonyo kizuri kilichokuwa juu kabisa.

"Wacha!" tukapiga kelele sote wawili.

Akaganda, kisu hewani. Ndinda akanyosha mkono wake, wazi. Mzee akaangalia ule mkono, na sijui alielewa nini, lakini alikigeuza kisu akampa kwa mpini, kwa mikono miwili, na kuinamisha kichwa kidogo.

Ndinda akafungua tuta lake pale nyuma ya hoteli, kando ya bomba. Alikata kikonyo kimoja, akakata cha pili, akakata mpaka fungu likajaa kiganja, maua yote yakiangalia upande mmoja. Mzee alikuwa amekwisha kunyosha mkono kupokea.

Hakumpa. Alinigeukia mimi, akaniwekea fungu mkononi, akanifunga vidole juu yake.

"Wewe ndiye ulinyunyiza," akasema.

Sikuweza kujibu. Mimi, redio isiyozimwa.

Mzee alibeba zilizobaki ndani, zote, akizishika kama mtoto mchanga, akamwambia Ndinda anataka nyingine haraka kabla maua hayajafunguka yote. Nikamwuliza Ndinda kuhusu Kitui, kuhusu basi la kesho. Aliangalia njia ya kushuka Kawangware, akaangalia ile niliyotoka. Silanga hangeweza kukanyaga, alijua na mimi nilijua. Vijana walikuwa bado pale, na Kabiro mimi vilevile nisingefika. Tulikuwa na mahali pamoja tu katika Nairobi nzima ambapo sisi wawili tungeweza kusimama, napo palikuwa hapo, kwenye mapipa ya Mjapani.

"Matuta mengine ni ya nani?" akauliza mwishowe.

"Ya yule aliyeyapanda."

"Nitayafunguaje nikiwa Kitui?"

"Mimi sijui. Si wewe ndiye unataka kwenda."

Akasimama, akanisaidia kuinuka, akanipandishia karai tupu kichwani. Akaingiza vidole ndani yake, akachota udongo uliobaki, akaupekecha na kuunusa kama anavyonusa yule Mzee wake, kisha akaurudisha.

"Kesho leta tuta la pili," akasema. "Na upunguze huo udongo, Mama Valentine. Utavunjika shingo, halafu nani atanyunyiza?"